Mwenye Nyumba Ana Mwaka na Nusu

Muulize mama yeyote ambaye mwanawe ameanza kutembea juzi juzi: bwana mdogo anaendeleaje? Jibu ni moja. "Hakai." Hakai kwenye mkeka, hakai mgongoni, hakai hata kwenye beseni la kuogea. Mwaka 2012 Karen Adolph, mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na wenzake walichapisha hesabu ya huko kutokaa. Walikuwa wamewarekodi kwa video watoto wa kati ya miezi 12 na 19 wakicheza wapendavyo, kisha wakahesabu hatua moja baada ya nyingine. Kwa wastani mtoto mmoja alipiga hatua 2,368 kwa saa, akaenda umbali wa mita 701 na kuanguka mara 17.

Hiyo ni saa moja. Saa sita za namna hiyo zinafika hatua 14,000 na zaidi, kilomita nne na ushee, na mianguko kama mia moja. Mtu mzima akianguka mara mia kwa siku, ndugu wataitwa. Mtoto anajipangusa viganja tumboni na kuendelea na shughuli zake.

Sasa kwa nini asibaki kutambaa, kazi ambayo tayari ni fundi wake? Timu ya Adolph ilijiuliza hivyo hivyo. Ikaona kwamba anayeanza kutembea huenda mbali na haraka kuliko mtambaaji mzoefu, na ukilinganisha mianguko na umbali aliokwenda, hamzidi mwenzake kwa kuanguka. Kwa hiyo hapotezi kitu. Anachopata ni kikubwa: akiwa wima anaona kilicho juu ya meza, anafikia kitasa, na mikono yote miwili iko huru kubeba rimoti ya televisheni kwenda kuizamisha ndooni.

Ukitaka kujua anafanya nini na uhuru huo, kaa jikoni umtazame kwa dakika tano bila kumsemesha. Anafungua kabati la chini. Anatoa sufuria, anaitazama ndani, anaivaa kichwani. Anaivua. Anaingiza ndala moja ya baba ndani yake, anafunika kwa mfuniko wa sufuria nyingine, mfuniko unadumbukia. Anashangaa. Anautoa, anafunika tena, unadumbukia tena. Anachukua mwiko na kuupiga kwenye sufuria, kisha kwenye ndoo, kisha kwenye mguu wa meza, kisha kwenye mguu wa mama yake, na kila mara anasubiri kidogo asikie mlio. Mguu wa mama ndio uliotoa sauti nzuri kuliko vyote, hivyo unarudiwa. Anayeingia mlangoni wakati huo ataona fujo. Aliyekuwepo tangu mwanzo ameona ukubwa ukipimwa, umbo likijaribiwa na sauti zikilinganishwa, tena kwa subira ambayo wanafunzi wengi wa sekondari hawana.

Kuna kituko kimoja cha umri huu ambacho wazazi wengi wamekiona wakacheka wakasahau. Mtoto ana kigari cha dumu chenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili chakavu. Amekivuta kwa kamba asubuhi nzima. Ghafla anakisimamisha, anainua mguu, na kwa uso mkavu kabisa anajaribu kuingia ndani aendeshe. Unyayo wake peke yake unazidi gari zima. Mwaka 2004 Judy DeLoache na wenzake David Uttal na Karl Rosengren waliandika habari za jambo hili katika jarida la *Science*. Waliwachezesha watoto wa miezi 18 hadi 30 kwenye chumba chenye bembea ya kuteleza, kiti na gari la kupanda. Wakawatoa nje, wakaondoa vile vikubwa na kuweka vidogo vinavyofanana navyo. Waliporudi, baadhi yao walijaribu kwa dhati kukikalia kiti cha mwanasesere na kuteleza kwenye kibembea kisichozidi kiatu. Watafiti walieleza kwamba katika umri huo sehemu ya akili inayotambua kitu ni nini na ile inayopima ukubwa wa kitu hazijazoea kufanya kazi kwa pamoja. Mtoto anaona gari, mwili unaitika gari. Hesabu ya ukubwa inachelewa kufika.

Na magari, kwa wavulana, ni habari ndefu. DeLoache huyo huyo alirudi mwaka 2007 na utafiti mwingine, akionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wadogo hushikwa na mapenzi makali yasiyo ya kawaida juu ya kitu cha aina moja, mathalani magari, treni au dinosaria, na kwamba wengi wa watoto hao ni wavulana. Afrika Mashariki tuna orodha yetu. Dar es Salaam ni bodaboda na mabasi ya mwendokasi, Nairobi ni matatu yenye muziki na michoro, na mtoto wa Likoni, Mombasa, humwambii kitu mbele ya feri. Mzazi wa mtoto wa namna hii hana ruhusa ya kupita kituo cha bodaboda bila kusimama kila pikipiki isalimiwe.

Hapo ndipo jirani anapotoa hukumu yake. Mtoto amepanda juu ya kochi, amesimama kwenye mkono wake, anajiandaa kuruka. Mama anapiga kelele: "Baba, shuka hapo!" Jirani anacheka: "Mwache, mwanaume huyo."

Je, ni uanaume? Kwa sehemu ndogo, ndiyo. Mwaka 1986 Warren Eaton na Lesley Enns walikusanya tafiti nyingi zilizopima jinsi watoto wanavyojongea, wakakuta wavulana kwa wastani wanajishughulisha zaidi ya wasichana. Lakini pengo hilo ni dogo zaidi utotoni na huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na wasichana wengi huwapita wavulana wengi. Mwenye binti wa mwaka na nusu hahitaji takwimu hiyo. Anajua nani alimwaga unga jana.

Utafiti unaosema zaidi juu ya jirani yetu ulichapishwa mwaka 2000 na Emily Mondschein, Karen Adolph na Catherine Tamis-LeMonda. Waliwaita akina mama wenye watoto wa miezi 11 wanaotambaa, wakawaonyesha ubao unaoweza kuinamishwa, wakawaomba wauweke kwenye mteremko ambao wanadhani mtoto wao ataweza kuushuka. Mama wa wavulana wakakisia zaidi ya uwezo wa watoto. Mama wa wasichana wakakisia pungufu. Watoto wenyewe walipowekwa kwenye ubao, wavulana na wasichana walikuwa sawa, kwa uwezo na hata kwa kuthubutu. Tofauti yote ilikuwa vichwani mwa wazazi, na miezi 11 haijatosha hata kumfundisha mtoto kusema jina lake.

Kwa hiyo lile neno la jirani, pamoja na utani wake, lina gharama. Linamruhusu mvulana kwenda kwenye hatari ambayo dada yake angeondolewa, na akianguka linamnyima kitambaa cha machozi. Wa kike anapewa "pole mama, njoo nikubebe." Wa kiume, kilo kumi na kitu, meno manane, anaambiwa mwanaume halii.

Upande wa kutembea kwenyewe, watu wa pwani wana mchezo wao wa kumsimamisha mtoto dede, mikono ikimwachia kidogo kidogo huku watu wanampigia makofi. Wasomi wa Magharibi waliwahi kudhani watoto wa Kiafrika huwahi kutembea kwa maumbile tu. Charles Super, aliyeishi na Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet nchini Kenya, alionyesha mwaka 1976 kwamba kuna mafunzo nyuma yake. Akina mama wa Kokwet walikuwa wakiwakalisha watoto kwa makusudi, hata kwa kuchimba kishimo mchangani na kumwegemeza mtoto humo kwa nguo, na wakiwatembeza kwa kuwashika mikono siku baada ya siku. Watoto hao waliwahi kukaa, kusimama na kutembea. Katika yale ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwatangulia wengine.

Hata hivyo mama ambaye mwanawe ametimiza mwaka na bado anashikilia ukuta asihangaike. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi sita kati ya mwaka 1997 na 2003: Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, ambako kituo kilikuwa Muscat. Katika nchi hizo isipokuwa Brazil, kutembea bila kushikwa kulianza popote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti; walipitia njia zao wenyewe, wengine wakijisukuma kwa makalio, na wakafika.

Utafiti huo ndio ulioleta michoro ya ukuaji iliyotolewa mwaka 2006 na inayotumika leo kwenye kadi za kliniki, wavulana wakiwa na yao na wasichana yao. Ndani ya michoro hiyo kuna dawa ya ugomvi mkubwa wa nyumba nyingi: kula. Mvulana wa kati na kati huzaliwa na kilo 3.3, na akitimiza mwaka anafika kilo 9.6. Ameongeza zaidi ya kilo sita. Mwaka wa pili unamfikisha kilo 12.2 tu, nyongeza ya kilo mbili na nusu hivi. Mwili umepunguza mwendo wa kunenepa, na tumbo linalijua hilo kabla ya mama. Mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli la uji wa lishe sasa anakunywa vijiko vitatu, anakaza midomo, anageuza shingo. Bibi anasema ana mchango. Mama anamfukuza na bakuli kuanzia sebuleni hadi uani. Wako wanaombana pua ili afungue mdomo ameze, na hapo anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu.

Kinachofaa ni kazi ya polepole. Watafiti wa lishe ya watoto, wakiongozwa na Leann Birch wa Marekani, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wa miaka miwili huanza kupenda chakula kigeni baada ya kukionja tena na tena, mara nane, mara kumi, hata zaidi. Wazazi wengi huandika mchicha kwenye orodha ya vitu "asivyokula" baada ya mara ya pili. Kipande kidogo cha parachichi kikiwekwa sahanini bila hotuba, leo kitatupwa chini, kesho kitapakwa nywele, na wiki ijayo huenda kikaingia mdomoni, hasa kikiwa kinatoka sahani ya baba. Kadi ya kliniki ikionyesha mstari wake unapanda, hata kwa upole, hakuna haja ya mbio za uani. Mstari ukilala au kushuka, hilo ni la kumwona muuguzi, na wakati huo huo aulizwe kama chanjo ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, imeshatolewa. Wengi hukumbuka ile ya miezi tisa, hii wakaisahau kwa sababu mtoto anaonekana amekua.

Kisha kuna kugaragara. Daladala imejaa, mtoto ameona karanga za kuuzwa dirishani, ameambiwa hapana. Anapinda mgongo, anateleza kutoka mapajani kama samaki, na sakafuni anaachia kilio ambacho konda mwenyewe ananyamaza kukisikiliza. Abiria kumi na wanne wana ushauri. Mama anatamani kushuka kituo kisicho chake.

Michael Potegal, mwanasayansi wa Marekani, ametumia miaka mingi kusoma vilio hivi. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 2003, iliyotokana na maelezo ya wazazi wa watoto wa miezi 18 hadi miaka mitano, robo tatu ya vilio vya hasira viliisha ndani ya dakika tano. Vingi vilikuwa vya dakika moja au chini yake. Tena alikuta kwamba mtoto anayejitupa chini au kupiga miguu ndani ya nusu dakika ya kwanza kwa kawaida ndiye atakayemaliza mapema. Kwa hiyo yule wa kwenye daladala yuko kwenye ratiba. Mwaka 2011 Potegal na James Green walichambua sauti zenyewe, baada ya kuwavalisha watoto nguo zilizoshonewa vinasa sauti vidogo. Wakatofautisha milio ya hasira, kama mayowe, na ile ya huzuni, kama kwikwi na kunung'unika. Hasira hupanda haraka na kushuka. Huzuni huwapo muda wote chini kwa chini. Wakati wa mayowe maswali na mahubiri hayaingii. Akianza kwikwi anataka kubebwa, hata na yule yule aliyemnyima karanga.

Na kuhusu karanga, mama alikuwa sahihi. Karanga nzima, pipi ngumu na vipande vya miwa ni vitu vinavyoweza kuziba njia ya hewa ya mtoto asiye na magego ya kutosha. Umri huu unachekesha, ila ni umri wa ajali, na zile kubwa zina anwani zinazojulikana. Mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto anaona soda. Akinywa, asitapishwe wala asilazimishwe maziwa. Hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni wakati wa kutapika, na anayetakiwa kumwona ni daktari, mara moja. Kikombe cha chai kilichowekwa kwenye ukingo wa meza yenye kitambaa kinachoning'inia ni mtego, maana kitambaa kitavutwa. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai bichi na asali vibaki kwenye kazi zake. Betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya baadhi ya rimoti, ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ndoo ya maji iliyojaa nusu inatosha kumzamisha mtoto aliyeinama kutafuta kikombe chake, kwa sababu kichwa chake ni kizito na mikono haijapata nguvu ya kujiinua. WHO inasema watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wenye viwango vya juu vya vifo vya kuzama. Kwenye nyumba za kupanga, ambako maji hutoka kwa zamu na ndoo zimepangwa koridoni, kifuniko cha ndoo kinastahili kununuliwa kabla ya kigari chochote.

Tugeukie furaha, kwa sababu zipo na ni nyingi. Kubwa yao ni maneno. Mtaalamu wa lugha Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, na kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Aliona kwamba watoto hawa mara nyingi hudondosha vile viambishi vya mbele vinavyoonyesha mtenda na wakati, huku irabu ya mwisho wa kitenzi ikibaki salama. Mzazi hakuhitaji kuambiwa. "Taka maji." "Baba enda." "Anguka!" Hii ya mwisho hutangazwa kwa ushindi, mara nyingine kabla kitu hakijaanguka, kama onyo la kijeshi. Kisha siku moja, bila sherehe, anatamka "ninataka" nzima nzima, na nyumba inatazamana.

Wavulana huchelewa kidogo kwenye maneno. Tofauti hiyo kwa wastani ni ya mwezi mmoja au miwili tu, na ndiyo sababu ile kauli ya "wa kiume huchelewa, atasema tu" isitumike kufunika kila jambo. Mtoto wa miaka miwili anatarajiwa awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili. Maneno ya Kisukuma ya bibi na ya Kiswahili ya nyumbani yanahesabiwa pamoja. Kama hayapo, au kama mtoto hageuki akiitwa, kipimo cha masikio ndicho cha kwanza. Watafiti waliofanya kazi Kilifi kwa Kiswahili na Kigiriama, Katie Alcock akiwa mmoja wao, waligundua kuwa hata wazazi wasiojua kusoma wanaweza kutoa taarifa nzuri za maneno ya watoto wao wakihojiwa kwa mazungumzo. Mama anajua. Anahitaji tu mtu wa kumuuliza vizuri.

Lakini mama huyo yuko wapi mchana? Sheria ya kazi ya Tanzania inampa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku tatu. Kenya mama ana miezi mitatu na baba wiki mbili. Mtoto anapoanza zile hatua zake 14,000, wote wawili wameshasahau likizo ilikuwaje. Akina mama wa genge na mama lishe hata hawakuwa nayo. Hapo ndipo nyumba inapogawanyika kati ya zenye mikono mingi na zenye mikono miwili.

Bibi akija kutoka kijijini, hali ya hewa hubadilika. "Hujambo mume wangu? Wanakutesa hawa?" Mume mwenyewe, pampasi imemshuka hadi magotini, anajitupa kifuani pake. Kwa wiki mbili mama anaoga bila kuacha mlango wazi. Bibi akiondoka, kazi yote inamrudia dada wa kazi, mtu ambaye makala za malezi humsahau ingawa ndiye anayeshinda na mtoto. Mara nyingi ni msichana ambaye mwenyewe hajamaliza kukua, yuko peke yake na mtoto asiyekaa, ana kupika, kufua na kudeki, na mshahara unaomwonyesha thamani anayopewa. Akimkalisha mtoto mbele ya simu ili ugali usiungue, si rahisi kumlaumu. WHO katika mwongozo wa mwaka 2019 inasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Apate pia angalau dakika 180 za kuchezesha mwili na usingizi wa saa 11 hadi 14, ule wa mchana ukiwemo. Dakika 180 za kucheza kwenye chumba kimoja na koridoni kwenye ndoo! Mwongozo hausemi ni nani atakayemwangalia.

Tanzania ilizindua mjini Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu tumboni hadi miaka minane. Afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama: yote yametajwa humo. Ni mpango mzuri, na kipimo chake kitakuwa vituo vya kulelea watoto mchana vyenye walezi waliofunzwa na bei ambayo muuza genge anaimudu.

Mikono mingine miwili iko nyumbani tayari, imeshika simu. Kisingizio kwamba kulea mtoto mdogo si maumbile ya mwanaume kilipata majibu yake kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison walilinganisha homoni za wanaume wa Kihadza na wa Kidatoga, majirani wa eneo hilo. Baba wa Kihadza hukaa karibu na watoto wao, huwabeba, hulala nao. Kwao testosteroni ilikuwa chini kuliko ya wanaume wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba hajihusishi sana na mtoto mdogo, mwenye watoto na asiye nao hawakutofautiana. Mwili wa mwanaume, kumbe, huitikia kazi ikipewa.

Mtoto wa kiume naye anataka kazi. Hili ndilo jambo ambalo wazazi waliochoka hulikosa, kwa sababu linakuja na sura ya usumbufu. Felix Warneken na Michael Tomasello waliwaweka watoto wa miezi 18 mbele ya mtu mzima aliyeangusha kibanio cha nguo asiweze kukifikia, au aliyeshindwa kufungua kabati kwa kuwa mikono imejaa. Bila kuombwa na bila zawadi, watoto 22 kati ya 24 walisaidia angalau mara moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Nyumbani kwetu mtoto huyo ndiye anayenyang'anya fagio, lenye urefu unaomzidi, na kufagia akirudi nyuma, takataka za uani zikiingia sebuleni kwa heshima zote. Wa kike akifanya hivyo husifiwa kwamba atakuwa mama mzuri. Wa kiume hupokonywa fagio na kupewa mpira.

Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti Oyugis, magharibi mwa Kenya, akautoa mwaka 1973. Alikuta wavulana wa Kijaluo waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kupika, kuteka maji, kubeba wadogo zao. Wavulana hao, hasa waliokuwa na kazi za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi kama wenzao wasiozifanya, na tofauti hiyo ilionekana hata walipokuwa hawana kazi yoyote mkononi. Hawakuchaguliwa kwa upole wao. Walipewa kazi hizo kwa sababu nyumbani hakukuwa na dada wa umri wa kuzifanya.